Kichwa Ambacho Baba Hakukifungua

Baba yangu alikuwa mpasuaji wa vichwa. Kwetu Manga mtu wa kazi hiyo huitwa omobari, na kabla sijaanza shule nilidhani kila kijiji duniani kina wake, kama kilivyo na mkunga au fundi wa majembe. Mtu aliyepigwa rungu katika ugomvi wa mpaka, au aliyeanguka kutoka juu ya paa, kisha maumivu ya kichwa yakakataa kumtoka hata baada ya miezi, aliletwa kwetu na ndugu zake. Baba alimnyoa, akamlaza kwenye kivuli cha migomba, akapasua ngozi na kukwangua mfupa taratibu mpaka akaukuta ufa. Sisi watoto tulifukuzwa twende mtoni. Tukirudi mapema tulisikia mkwaruzo, na juu ya mkwaruzo huo sauti ya mama ikimsemesha mgonjwa.

Maana ile ilikuwa kazi ya watu wawili, ingawa sifa zote zilimwendea baba. Mama ndiye aliyechemsha maji na kumshika mgonjwa mkono, na ndiye aliyejua kumwongelesha mtu mpaka akasahau kwamba kichwa chake kimefunguliwa. Alimuuliza habari za ng'ombe wake na za mashemeji zake. Alimsimulia mambo ya jirani fulani aliyeoa mke wa pili kisha akakimbilia kwa wa kwanza. Wapo waliocheka huku baba anawakwangua.

Mama alikuwa mtu wa maneno. Alikulia Kericho kwenye mashamba makubwa ya chai, ambako baba yake alikuwa mchumaji, na katika nyumba za wafanyakazi kulikuwa na watu wa makabila yote. Huko alijifunza Kiswahili ambacho hata walimu wetu hawakukifikia. Kila tulipokwenda Kisii mjini alipita kwenye duka la Mhindi mmoja mzee aliyeuza vitambaa, wakapigana vijembe na mafumbo juu ya bei mpaka wateja wengine wakaacha shughuli zao wakasikiliza. Mara nyingi hakununua kitu. Baba yeye Kiswahili chake kilitosha kuuliza njia tu.

Kwa hiyo daktari alipokuja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama ndiye aliyekuwa mkalimani. Daktari huyo alikuwa mtu wa upande wa ziwani, mrefu, mpole wa sauti, aliyefanya kazi ya ubongo na mishipa ya fahamu katika hospitali moja kubwa Nairobi. Alikuwa akifanya utafiti juu ya upasuaji wetu: wangapi wanapona, mfupa unaotaje tena, na wale wasiopona wanapatwa na nini. Baba alimwangalia kwa wasiwasi, kwa sababu kulikuwa na chifu aliyewahi kutishia kumfunga.

"Mwambie sikuja kumshtaki," daktari alisema. "Nimekuja kujifunza."

Mama akamgeukia baba, akasema kwa Kikisii maneno marefu kuliko hayo. Daktari akauliza amesema nini.

"Nimemwambia ulilosema," mama akajibu, "kisha nikaongeza kwamba viatu vyako ni vya mtu anayetembea, si vya askari."

Baba akacheka, na utafiti ukaanza siku hiyo. Wagonjwa wake wa zamani walikuja kutoka Nyakoe na Marani, wakakaa kwenye benchi uani kwetu, wakainamisha vichwa. Daktari alipapasa kwa kidole gumba mabonde yaliyobaki pale mfupa ulipokwanguliwa, akauliza maswali, akawaomba wengine wafuatane naye Kisii wakapigwe picha. Alirudi mara nyingi. Yeye na baba walipenda kukaa pamoja, mama katikati akivusha maneno. Siku moja baba alimuuliza kama hospitalini wanaugusa ubongo wenyewe.

"Tunaugusa," daktari akasema. "Mgonjwa akiwa na uvimbe ndani, tunaingia kuutoa."

Baba alijipapasa utosi. Kisha akasema, "Sisi hatuvuki ule utando unaoufunika. Mfupa ndio wetu."

Miaka miwili au zaidi ilipita hivyo. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata nafasi ya kufundisha shule ya msingi ya karibu bila mafunzo, na jioni nilichuma chai na mama. Huko shambani ndiko nilikoanza kuona mambo. Mama alichuma kwa mikono miwili kwa kasi ya mvua, lakini sasa mkono wa kulia ukaanza kuchelewa. Majani yalimponyoka. Aliutazama mkono huo kama mtu anayemtazama mtoto mvivu, akaukaripia, akaendelea.

Halafu yakaja maneno. "Niletee ile kuku," aliniambia akionyesha sufuria. Tulicheka, naye akacheka kuliko sisi. Kesho yake dada yangu mdogo alikuwa "mwiko", na jua lilikuwa "kile kinachonyesha". Kichwa kikaanza kumuuma alfajiri, akitapika hata kabla hajatia kitu mdomoni. Mchana alipata nafuu, akafanya kazi zake, akatuambia ni uchovu.

Baba hakusema kitu, ila kila asubuhi alimketisha mlangoni kwenye mwanga, akampapasa kichwa kwa ncha za vidole, toka paji la uso mpaka kisogoni, polepole, akitafuta ufa au mbonyeo. Mama alifumba macho. Mtu asiyejua angedhani ni mahaba, na pengine yalikuwemo. Baba alimaliza, akafuta mikono yake kwenye suruali, akasema neno lile lile: "Mfupa ni mzima."

Maneno hayakai nyumbani. Majirani wakaanza kuulizana inakuwaje mke wa omobari auawe na kichwa. Wajomba zangu, kaka zake mama, walikuja wote pamoja, wakakataa kuketi.

"Shemeji," mkubwa wao alisema, "watu wa Marani usiowajua unawafungua. Dada yetu unamwacha?"

"Nani alimpiga?" baba akauliza.

"Hakupigwa na mtu."

"Alianguka?"

"Hakuanguka."

"Basi nikate wapi?"

Mjomba akatema mate chini. Walisimama kidogo kando ya mama, wakamwombea, wakaondoka.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shule saa za chakula nikamkuta mama ameketi kwenye kivuli cha migomba, mahali pale pale wagonjwa walipolazwa. Alikuwa amenyoa nywele zote. Alijinyoa mwenyewe kwa wembe, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa haumtii tena, na kichwa chake kilikuwa na mikato midogo midogo inayovuja damu hadi shingoni. Kando yake ameweka karai la maji ya moto. Baba alikuwa amesimama mbele yake na jembe bado liko mkononi.

"Nifungue," mama akamwambia.

Baba akaweka jembe chini. Akapiga magoti, akachovya kitambaa majini, akaanza kumfuta damu.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sipajui mahali. Nikikata pasipo mahali nitakuua."

Mama alitafuta maneno kwa muda mrefu. Wakati huo kila neno lilimgharimu. "Mimi," alisema, "nimewashika mikono. Wote. Niliwaambia watapona." Akapumua. "Nilikuwa... nakuamini wewe."

Baba aliendelea kufuta, ingawa hapakuwa tena na damu. Ndipo nilipomwona baba yangu akilia kwa mara ya kwanza. Hakutoa sauti. Mabega tu yalitikisika, na mama, ambaye ndiye aliyekuja kutibiwa, akaweka mkono wake wa kushoto kichwani pa baba.

Kesho yake tulikwenda Kisii, mimi na baba, tukampigia daktari simu kutoka posta. Baba alishika kile chombo, akakigeuza, akanipa. Nikaeleza kwa Kiswahili changu cha shule: mkono, maneno, kutapika alfajiri. Kisha daktari akasema, "Mleteni. Msingoje."

Nairobi walimwingiza mama kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Daktari aliinua zile picha kwenye mwanga akatuonyesha. Upande wa kushoto kulikuwa na doa jeupe, kubwa kama yai, na kingo zake hazikuwa na mpaka. Baba alilisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa. Alikuwa amefungua vichwa maisha yake yote, na hakuwahi kuona ndani ya kichwa cha mtu aliye hai namna ile.

"Utautoa?" akauliza, nami nikatafsiri.

"Nitatoa ninachoweza. Hii ni saratani, mzee. Si kama jiwe ndani ya udongo, kwamba utalichimbua. Ni kama chumvi ndani ya uji. Naweza kupunguza uji. Chumvi siwezi kuichambua."

Nilitafsiri hilo pia. Baba akatikisa kichwa kukubali, kama fundi anayeelezwa na fundi mwenzake, kisha akatoka nje akasimama barabarani peke yake.

Mama alipoamka baada ya upasuaji, muuguzi alimwinamia. "Mama, unajisikiaje?" Mama akamtazama kama mtu anayesikiliza mvua. Muuguzi akarudia. Hakuna. Nilimwita kwa Kikisii, naye akageuka akaniitikia, taratibu, kwa Kikisii. Kiswahili chake chote kilikuwa kimekwenda, mafumbo na vijembe na nyimbo za Kericho, kama nyumba iliyohamwa. Daktari alisema hutokea: kwa mtu mwenye lugha mbili, pengine moja hubomoka na nyingine hubaki, na wenzake wengine walikuwa wakichunguza kwa nini. Bado hawakujua.

Nilikaa naye wodini. Shule nilikuwa nimeiacha. Siku moja degedege lilimshika ghafla, mwili wote ukakakamaa, nami nikapiga kelele, "Baba! Baba!" Muuguzi mmoja alikuja mbio, akamtuliza, na baadaye akaniambia kwa huruma kwamba baba yangu yuko nje, kama nataka atamwita. Nilishindwa kumweleza. Kwa Kikisii neno baba maana yake ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Nilikuwa nikimwita yeye aliyelala pale.

Kidonda kilipokauka daktari alituita sisi watatu. Alikuwa na jambo la kutuomba, akasema, na tuna haki ya kukataa. Wagonjwa wa uvimbe wa aina ile hupewa mionzi, na mionzi huwaongezea muda, lakini uvimbe hurudi. Sasa kulikuwa na dawa ambayo yeye na wenzake walikuwa wakiichunguza. Baadhi ya wagonjwa wangepewa mionzi pamoja na dawa, wengine mionzi peke yake, kisha walinganishwe. Nani apate nini kingeamuliwa kwa kura, asichague mtu.

"Dawa hiyo inaponya?" baba akauliza.

"Hatujui, mzee. Ndiyo maana tunafanya utafiti."

"Na wakifa?"

"Tutakuwa tumejua."

Baba akafikiri. "Hata sisi tulijifunza hivyo," alisema. "Kwa waliokufa mikononi mwa babu yangu. Ila hakuna aliyewauliza kwanza." Akamgeukia mama. "Kichwa ni chako."

Nilimweleza mama mara mbili, kwa maneno mafupi. Uso wake ulikuwa umejaa kwa vidonge vya kupunguza uvimbe, macho yamekuwa madogo, lakini yalikuwa macho yake.

"Nataka nyumbani," akasema. "Njia ipi... fupi?"

"Hakuna fupi, Baba."

Akamtazama daktari, akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kumwelekea. "Basi njia yake."

Kura ilimwangukia upande wa dawa. Tulifurahi. Mimi nilitoka nje ya ile ofisi nikamkumbatia mwanamke nisiyemjua aliyekuwa kwenye foleni.

Na kwa muda furaha ile haikuonekana ya kijinga. Mionzi ilikwisha, tukarudi Manga na vidonge vyake, maumivu ya alfajiri yakaisha. Mkono wa kulia ulibaki unaning'inia, lakini alikwenda shambani akachuma kwa mmoja. Wanawake wa jirani walikuja kumwona akichuma wakaimba. Alikula obokima, ugali wetu, na kuomba aongezewe. Maneno ya Kikisii yakarudi machache, ya nyumbani: maji, kuni, ng'ombe, majina yetu.

Nilimpeleka Kisii mjini siku ya soko kwa sababu aliomba kwa ishara, akishika kitambaa cha kichwani mwake. Yule Mhindi mzee alipomwona akainua mikono juu, akamwaga Kiswahili kama zamani: amepotelea wapi, au amepata duka jingine la watu wasiojua kugombana? Mama alisimama anatabasamu. Tabasamu lile lilikaa muda mrefu kupita kiasi, na mzee akaelewa kwamba kuna jambo. Nilimweleza kwa sauti ya chini. Akazunguka meza, akaja upande wetu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mteja. Kikisii chake kilikuwa cha sokoni tu, cha kuhesabu. Basi akashusha vitambaa kimoja kimoja akamwekea mama mkononi, akihesabu: "Eyemo. Ibere. Isato." Alipokosea namba iliyofuata, mama akamsahihisha. Mzee akairudia vibaya makusudi, akasahihishwa tena, na mama akacheka. Tulitoka na kitambaa cha kijani. Mzee alisimama mlangoni mpaka tukakata kona.

Mvua za masika zilipoanza, mama alianguka uani. Tukamwinua, akaanguka tena. Dawa ilikuwa imemchubua kinywa, chakula hakikupita, na sasa mguu wa kulia ukafuata mkono. Tulimrudisha Nairobi kwa picha nyingine, tukaambiwa turudi nyumbani, majibu yatatufuata. Yaliletwa na daktari mwenyewe. Niliona gari lake likipanda polepole kwenye utelezi nikajua, kwa sababu habari njema angeituma kwa mtu.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti, amefungwa shuka lisimwache aanguke. Daktari akakaa kwenye kigoda mbele yake, magoti yakamfika kifuani.

"Mwambie uvimbe umerudi," aliniambia. "Mwambie dawa haikuuzuia. Mwambie nasikitika sana."

Nikasema yote, bila kupunguza, kwa sababu mama mwenyewe hakuwahi kupunguza, aliongeza tu. Alisikiliza. Kisha akauliza neno moja: "Wengine?"

"Anauliza wagonjwa wengine wa utafiti," nikamwambia daktari.

Daktari akatazama mikono yake. "Nao vilevile. Wengi wao."

Mama akatoa sauti ndogo ya huruma, ile wanawake wa kwetu wanayoitoa wakisikia msiba wa jirani.

Daktari hakuondoka. Chai ilimpoa. Alikuwa na jambo lililomkaba, na baba akaliona.

"Sema," baba akamwambia kwa Kiswahili.

Ndipo akasema. Utafiti ungekuwa na faida zaidi kama wangeweza kuangalia ubongo baada ya mgonjwa kufariki, waone dawa ilifika wapi na iliishia wapi. Haikuwa lazima. Angeelewa tukikataa. Alikuwa akizungumza nami, akingoja nitafsiri, lakini ulimi wangu ulikuwa mzito. Jirani alikuwa akipasua kuni upande wa pili wa ua, na kila pigo nilidhani ni mimi ninayetakiwa kusema.

Baba alikuwa amesikia. Sijui alikipata wapi Kiswahili cha kuelewa yote yale. Akasogeza kiti chake karibu na cha mama, akamshika mkono ule uliokuwa bado unahisi, akamwambia mwenyewe kwa Kikisii:

"Anaomba akufungue kichwa ukishatutoka. Aone dawa ilifanya nini."

Mama alimtazama baba. Sikuona hasira wala woga. Kisha akasema, "Wewe uwepo."

"Nitakuwepo," baba akasema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye maana kwa masikio yetu. Baada ya hapo alizungumza, lakini kilichotoka kilikuwa wimbo wa maneno bila maneno. Ungesikia swali, kwa jinsi sauti ilivyopanda, ungesikia lawama, ungesikia hata mzaha, lakini usingeokota neno. Mimi niliyekuwa mkalimani wake nilikaa pale sina cha kuvusha. Baba alimwitikia tu. Kila swali alijibu "ee", kila lawama alijibu "ee", na kwenye mzaha alicheka kidogo. Sikuwahi kujua alikuwa akikubali nini.

Alifariki mchana, mvua ikinyesha, dada yangu mdogo akimlisha uji.

Wajomba walikuja kwa hasira. Walikuwa wamesikia. "Ulikataa kumfungua akiwa hai," mkubwa wao alisema mbele ya waombolezaji wote, "sasa unampeleka akafunguliwe amekufa? Tutazika mtu au tutazika mabaki?"

Baba alikuwa amekaa chini, amejifunika koti. Hakupandisha sauti. "Aliniambia niwepo," alisema. "Nakwenda. Anayetaka kuja, aje."

Walikuja. Tulingoja nje ya chumba cha maiti, Kisii, mimi na wajomba watatu, tumeegemea ukuta. Daktari alikuwa amesafiri toka Nairobi. Alimvalisha baba joho jeupe lililomzidi mikono, akaikunja mwenyewe, wakaingia. Mlango ulikuwa wa mbao nyepesi na tulisikia msumeno. Wajomba walikuwa hawajawahi kuusikia ule mlio. Mkubwa wao, yule aliyetema mate uani kwetu, aliniziba masikio kwa viganja vyake, nami nikamwacha, ingawa masikio yake mwenyewe yalikuwa wazi.

Baba alipotoka hakuna aliyemuuliza kitu isipokuwa huyo mjomba. "Umeona?"

"Nimeona."

Njiani kurudi, mimi na yeye tukiwa nyuma ya gari pamoja na jeneza, alizungumza bila kuulizwa. Alisema mfupa wa mama ulikuwa mwembamba na mzuri. Alisema walipouinua, yeye alianza kutafuta mahali ambapo angekata siku ile chini ya migomba. Alitafuta kila upande. Ubaya ulikuwa umeenea mbali ndani, mpaka kwenye shina la ubongo.

"Hapakuwa na mahali," akasema.

"Basi hukukosea, Tata."

"Sikukosea." Alishika pembe ya jeneza maana barabara ilikuwa mbaya. "Nilidhani nikijua hilo nitapata nafuu."

Tulimzika na kile kitambaa cha kijani kichwani. Daktari alikuwa ameshona vizuri, na wale waliomuaga mama kwa mara ya mwisho hawakuona kitu. Wajomba walishika mchanga wakautupa, wakasalimiana na baba, lakini ilichukua muda mrefu kabla hawajala tena nyumbani kwetu.

Wagonjwa waliendelea kuja. Mmoja alitoka Nyakoe, kijana aliyepigwa kwa mpini wa jembe, na ufa wake baba aliupata mara moja kwa vidole. Lilikuwa jambo la kazi ya asubuhi moja. Lakini alimfunga kitambaa tu, akawaambia ndugu zake wampeleke hospitali. Nilimwambia mimi naweza kuchemsha maji na kukaa na mgonjwa. Akasema sina uongo wa kutosha, kisha akasema samahani, hakuwa na maana hiyo. Hakufungua kichwa tena.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, nikiwa nimeolewa Nyamira na nimekuja kumwona baba, daktari alifika kwa mara ya mwisho. Alikuwa na mvi. Alitaka kutuambia yeye mwenyewe kwamba utafiti ule umefungwa. Walilinganisha waliopewa dawa na wasiopewa, na hakukuwa na tofauti. Waliishi muda ule ule. Tofauti ilikuwa tu kwamba waliopewa dawa waliumwa zaidi.

Nilimtafsiria baba sentensi hiyo ya mwisho. Nilikuwa nikikumbuka jinsi nilivyomkumbatia mwanamke yule kwenye foleni.

Baba akamsukumia daktari kikombe. "Na sasa mnajaribu nini?"

Daktari akaeleza. Kulikuwa na dawa nyingine, iliyotoka nje, ambayo huenda ikavuka vizuri zaidi mpaka kwenye ubongo. Na kulikuwa na watu waliokuwa wakichunguza kama mishipa ya fahamu iliyoumia inaweza kufundishwa upya, ili maneno yaliyopotea yarudi hata kidogo. Alizungumza kwa muda mrefu, na baba alinifanya nitafsiri kila kitu, hata yale niliyoyaruka kwa kutoyaelewa alinirudisha.

"Wagonjwa wa hii mpya mmekwishawapata?" akauliza.

"Wameanza kuja."

"Wana watoto?"

"Wengi wao wanao, mzee."

Baba akainamisha kichwa. Akashika fimbo yake akasimama, akasema ng'ombe hajafunguliwa, akaenda. Tulibaki wawili, mimi na daktari. Alianza kuniomba radhi kwa Kiswahili, akaacha katikati, nami sikumdai amalizie.